Pete Isiyo na Nguzo

Jumatatu, 12 Mei
Vipindi vinne, chaki vipande viwili. Tusekile wa kidato cha tatu ameniletea mchoro wake wa mashindano ya sayansi ya Ijumaa: pete ya chuma kuizunguka dunia nzima, juu angani. Anauliza itasimamaje bila nguzo. Nimemjibu bila kufikiri. Inavutwa sawa pande zote, itatulia yenyewe. Andika hivyo.

Jumanne, 13 Mei
Hajaridhika. Ameelesha pete ya waya kwenye beseni la maji kwa vipande vya bua la mahindi, katikati kaweka sumaku ya spika mbovu. Pete ikatulia kidogo, ikasogea, ikaganda kwenye sumaku. Nikamwambia ni upepo. Nimekasirika bure.

Alhamisi, 15 Mei
Tumefunga madirisha. Imeganda mara saba. Bado nimemwambia aseme la kwangu, majaji wana digrii. "Sawa, madam," kasema, macho yake yakiwa kwenye beseni. Mshindi anasomeshwa bure mpaka kidato cha sita. Mama yake mdogo, anayemlea hapa Chapwa, hana uwezo huo. Naogopa.

Ijumaa, 16 Mei
Aibu. Simu ilidaka mtandao wa Zambia, saa yake ikarudi nyuma saa nzima. Miaka sita naishi mpakani na bado. Nimefika ukumbini saa nne badala ya saa tatu, Tusekile kamaliza. Mkuu wa shule kanisimulia. Mtoto alisema mwalimu wake alimfundisha kwamba pete itatulia, naye akajaribu, haitulii. Ikisogea kidogo tu, upande uliokaribia dunia unavutwa zaidi, nayo inazidi kusogea mpaka ianguke. Itahitaji injini ndogo za kuirudisha kila mara. Majaji wakataka kuliona beseni.
Wa kwanza!
Ningekuwepo ningemkatiza. Najijua. Asante Mungu kwa kuchelewa kwangu.

Jumapili, 18 Mei
Kanisani nimetoa shukrani. Mchana mama mdogo wa Tusekile amekuja na karanga mbichi, kunishukuru kwa kumfundisha mtoto. Tukakaa kuzimenya. Nikamwambia mtoto ndiye aliyenifundisha, mimi nilikosea. Akadhani natania. Nikarudia taratibu, mpaka akaacha kumenya. Akauliza kama mtoto ataadhibiwa.
Nikasema hapana. Nikasema namshukuru mtoto sana. Tukaendelea kumenya.