Mkono wa Vidole Vinne

Kagoma, Muleba
4 Machi 2024

Mdogo wangu Annastella,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, ila miguu ya Mama inavimba jioni, na macho yangu yanatoa machozi kila nikishika sindano. Watoto wako wazima? Ningekupigia, lakini haya ni mambo ya kushika kwa mkono, ndiyo maana nimempa kondakta mfuko.

Humo kuna mkoba mmoja wa sampuli. Nembo ya kikundi nimeidarizi kwa uzi mwekundu na wa kijani: mkono wa Mama umeshika tawi la kahawa, vidole vinne kama ulivyo. Nilimkalisha mlangoni nikauchora kwa penseli palepale juu ya kitambaa. Alicheka sana. Akasema lile panga lililomkata kidole kule kibanjani lingejua litamletea heshima hii, lingekata viwili. Na kwa kuwa kikundi alikianzisha yeye, akina mama wote wamekubali. Mikoba thelathini imekwisha, imebaki kama hiyohiyo, halafu nianze blauzi.

Mwenyekiti wetu Violeth anasema wewe katibu ndiye utakayeonana na wanunuzi huko mjini, kwa hiyo neno la mwisho ni lako. Sema basi, waitu, niendelee.

Dada yako,
Theopista

Bukoba mjini
21 Machi 2024

Dada Theopista,

Shikamoo. Sisi wazima. Pole na macho, na Mama mwambie apumzike miguu.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilizunguka kwanza kuuliza. Kudarizi ni kazi ya mikono, naiheshimu, lakini hakuna nembo mbili zinazofanana, na wanunuzi wa siku hizi hawataki hivyo. Kuchapa kwa rangi nako nimeona kunachuja. Nimechagua ya kubandika: nembo inakatwa kwenye nailoni nyembamba, inagandishwa kwenye kitambaa kwa mashine ya moto. Zinatoka sawasawa na zinang'aa. Fundi anaitwa Gozbert, kazi yake safi.

Kuhusu ule mkono, Gozbert alipouona aliuliza kama mshonaji alisahau kuhesabu. Waliokuwa dukani walicheka, na sikufichi, hata mimi nilicheka. Ameuweka sawa, sasa una vidole vitano. Hatuwezi kuwapelekea watu kilema kifuani.

Mikoba uliyokwisha darizi usiitupe. Ifumue unitumie, Gozbert abandike juu yake. Ni vizuri uifumue wewe mwenyewe, maana unajua uzi ulianzia wapi. Na Mama umweleze taratibu.

Mdogo wako,
Annastella

Kagoma
9 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Nimepata barua. Tunaendelea vizuri, natumaini na ninyi pia.

Nilikuwa nimeshaimaliza mikoba yote nikisubiri jibu lako. Kuifumua kumenichukua siku tisa. Ukiinua mkoba kwenye mwanga utaona vitundu vya sindano, vidole vyote vinne, lakini nailoni itafunika. Ule wa sampuli baki nao, utabebea karatasi zako.

Mama nilimsomea barua yako. Ulisema taratibu, nami nikasoma taratibu, neno kwa neno, na pale pa kucheka, na pale pa kilema. Tangu siku hiyo mkono wake anauficha chini ya kitenge, hata wageni wakija kumsalimu anatoa ule mwingine.

Dada yako,
Theopista

Bukoba mjini
2 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Nimelia kwa barua yako. Ulimsomea yote kwa nini? Dada, kuna mistari ya kuruka. Mtu mzima anajua.

Mizigo ndiyo hii, mikoba na blauzi za wanachama. Wageni, wale wanunuzi, watakuja Kagoma tarehe 18. Wote wavae sare, na Mama akae mbele. Jambo moja kubwa: Gozbert anasisitiza nguo na mikoba vigeuzwe ndani nje wakati wa kupiga pasi, moto uwe mdogo kabisa, na pasi isiguse nembo. Nazijua pasi za mkaa za huko. Wasomee barua hii mkutanoni kama kawaida.

Mdogo wako,
Annastella

Bukoba mjini
20 Mei 2024

Dada Theopista,

Shikamoo. Nilishindwa kusema nawe juzi mbele za watu.

Sijawahi kuaibika namna ile. Akina mama ishirini na wanne wamejipanga, wamenyooka, na kila kifua kina donge jeusi la nailoni iliyoungua. Kwenye blauzi ya Violeth vidole vya nembo vilikuwa vimejikunja kama kitu kilichotoka jikoni. Wageni walikuwa wakitazama chini. Nikamvuta Violeth pembeni, nikamuuliza kama hawakusikia habari za pasi. Akaniambia walisikia: nguo zipigwe pasi vizuri mpaka mikunjo isimame, ndivyo ulivyowasomea.

Sitaki kugombana. Wakati wa kuondoka, mgeni mmoja aliuona mkoba niliobebea karatasi, ule wako. Akauliza mbona mkono una vidole vinne. Nikamweleza. Dada, aliugusa. Anataka mia mbili kama huo, wa kudarizi, mkono huohuo. Hicho ndicho kitakachokiokoa kikundi, hakuna kingine. Anasubiri jibu mpaka mwisho wa Juni.

Nisamehe. Mwambie Mama mkono wake umependwa, autoe nje. Nami mwenyewe nitakuja nimpigie magoti. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Annastella

Kagoma
7 Julai 2024

Mdogo wangu Annastella,

Salaam. Kahawa tumeanza kuanika. Macho yangu yamepona, hayatoi machozi tena.

Barua yako ilifika mwezi wa tano. Niliiweka chini ya godoro mpaka Juni ikaisha. Violeth ananiuliza kila siku kama kuna habari kutoka mjini, namwambia hakuna. Uzi niliofumua niliwashia moto wa kupikia ebitoke, ndizi zetu, siku ileile barua ilipofika.

Ulinifundisha kuwa kuna mistari ya kuruka. Mkutanoni niliruka ule wa pasi, nikaweka wangu. Jana nimemsomea Mama barua yako, nikaruka mingine. Habari za yule mgeni hajazisikia, wala za magoti yako.

Akaniuliza kama watu wa mjini bado wanaucheka mkono wake. Nikamwambia ndiyo, na Annastella anacheka nao. Akauvuta ndani ya kitenge, na chakula kilipoiva akaniomba nimlishe.

Dada yako,
Theopista