Benchi la Kilabuni

Jumanne

Barua ya onyo ya Anaeli bado iko mezani. Sijaisaini.

Katika waelimishaji rika ninaowasimamia hakuna anayemfikia. Ana miaka miwili bila pombe, na wanaotaka kuacha wanamsikiliza yeye kuliko mimi. Asubuhi nikapigiwa simu kwamba jana ameonekana kilabuni Nkoaranga, kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, mkononi. Nilikasirika hadi nikashindwa kumaliza chai.

Alipokuja hakujitetea sana. "Mama, nilimfuata Eliya wa kikundi changu, ameanza kunywa tena. Pale kibuyu kikikufikia hukikatai, wangenitoa nje. Nikakipokea, nikampa aliyefuata bila kuonja. Nikakaa naye mpaka akainuka mwenyewe, nikamrudisha kwa mkewe."

"Na kama ungeonja?"

"Hilo ndilo nililokuwa naliogopa, mama."

Kanuni inasema hatuingii kilabuni. Niliiandika mimi.

Lakini mdogo wangu Baraka alikuwa anakunywa pale pale. Kila Jumapili nikitoka kwaya nilisimama nje, kwenye migomba, naona aibu kuingia. Nikimwita anaitika, "Nakuja, dada." Nasubiri, halafu naondoka peke yangu. Mwaka wa sita huu tangu tumzike, na bado nikipita ile njia naangalia mlangoni kama...

Kesho nitasaini barua na kumpa Anaeli. Kisha nitamwomba anipeleke kilabuni. Enzi zile walikunywa pamoja, anajua Baraka alikuwa anakaa benchi gani. Nataka nikae hapo kidogo.