Yule Dereva wa Kibasi cha Kijani

Mpwa wangu Somoe,

Huku Chanika mdomo wangu haujapungua. Juzi niliwasimulia watu wa kijiweni yule tembo wa mpingo niliyemchonga Masasi, majirani walipomwona wakaficha migomba yao. Wakacheka. Ila hakuna aliyesema, "Mjomba, jana tembo alikuwa mdogo." Hiyo ilikuwaga kazi yako.

Dada yangu alipofariki nilikuchukua, maana kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba. Mie nikachonga vibasi vya mbao, wewe ukapaka rangi. Kibasi kinaenea kiganjani, lakini wewe unachora humo mpaka misumari ya pleti namba! Brashi yako ilikuwa njiti ya chelewa, ile ya ufagio, uliyoinoa kwa wembe. Kila ukigusa unabana pumzi. "Mjomba, usikohoe," unaniambia, nami nakaa na kikohozi changu hadi machozi yananitoka.

Wateja wakiuliza nani kachora vitu vidogo hivi, nilisema mie. Mbele yako, Somoe. Wewe ukainama tu na rangi yako.

Siku ile ulinisogezea kibasi cha kijani mpaka puani. "Mtazame dereva vizuri."

"Nimemwona. Yuko safi."

"Umemwona kweli?"

"Mie? Naona sisimizi wa Kunduchi akipiga miayo, nimekaa hapa hapa!"

Ukakirudisha mezani. Nilidanganya, mpwa wangu. Niliona doa tu. Niliona haya kusema macho yangu yamekwisha. Kesho yake nikakiuza.

Mwezi uliopita, mwaka na ushee tangu homa ikuchukue, alikuja Mama Neema, yule mwalimu wa Sinza aliyekinunua kile cha kijani, amekileta nikitengeneze. Kioo cha mbele kimebanduka, vumbi limejaa ndani. Nikamwambia kaa, nilichokichora kwa mkono wangu nakisafisha kwa mkono wangu. Nikachovya kitambaa kwenye tina, ile ya kuyeyushia rangi, nikamsugua dereva.

"We fundi! Umejifuta mwenyewe!"

"Nimefanyaje?"

"Huyo si wewe? Kofia yako nyekundu, hilo kovu la kwenye nyusi, mdomo wazi unaongea! Mie siku zote najua ulijichora."

Akanipa miwani yake. Kofia nikaiona. Mdomo, nusu. Kovu halipo tena.

Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao. Nikamwambia, "Sikuchora mie. Kachora mpwa wangu Somoe. Vyote kachora yeye." Ndiyo mara ya kwanza nalisema hilo kwa mteja, na wewe hupo kulisikia. Mama Neema hakunicheka. Aliniachia kibasi, akasema kinanihusu mie kuliko yeye.

Sasa nina miwani yangu. Kijana mmoja mchoraji wa Temeke anasema atanirudishia sura humo kibasini kwa nusu saa. Nimemkatalia. Atanichora anavyoniona yeye, na mie nataka ulivyoniona wewe, hata kama imebaki kofia na nusu mdomo. Ulinipa usukani, Somoe, ukaniachia na maneno yangu yote, halafu ukasubiri nikuambie nimejiona.

Nimejiona, mwanangu. Kila asubuhi nakishika kibasi karibu na dirisha, nabana pumzi, na hata kikohozi kikinibana vipi, sikohoi.

Lala salama.

Mjomba wako,
dereva