Vidole vya Zuhura

Baba Zuhura,

Eda yangu imekwisha juzi. Nimeoga, nimebadili nguo, nimetoka nje kwa mara ya kwanza tangu tulipokuzika, na jua la Rumonge likanichoma macho hadi nikarudi ndani. Nakuandikia kwa mwandiko ule alionifundisha marehemu baba yangu chuoni, ule uliokuwa ukiucheka kwamba ni kuku aliyekanyaga majivu. Cheka tu. Leo nina ugomvi na wewe, na ugomvi wenyewe ni juu ya mtoto.

Unakumbuka kazi ile ilivyoingia nyumbani kwetu. Ulikuwa mvuvi kama wenzako. Daktari wa Kidachi akaja na mahema yake, akamtafuta mtu wa huku ufukoni anayejua Kirundi na Kiswahili na mwenye mkono mwepesi, wakamwonyesha wewe. Kazi ikawa kusimama mbele ya watu waliopangwa mstari na kuwapapasa nyuma ya shingo, kutafuta tezi za malale, ule ugonjwa wa usingizi. Mwenye tezi alipelekwa kambini. Asiye nayo ulimwambia "safi," akaenda zake. Haukupita mwaka, hakuna tena aliyekuita kwa jina lako. Ukawa Bwana Shingo, kuanzia Magara mpaka Nyanza, na wanawake wakawa wanajifunga vitambaa shingoni wakisikia unakuja.

Jioni ulirudi na kazi hiyo mpaka mkekani. Kabla ya kula ulimpapasa Zuhura, halafu mimi. "Safi," unasema, ndipo tunanawa. Watoto wengine hubebwa na baba zao wakirudi. Wako alipokewa kwa vidole viwili nyuma ya masikio, naye akajua huko ndiko kupendwa. Sikuona ubaya. Na mimi nina sehemu yangu, sikatai. Tangu anajifunza kukaa nilimweka mchangani karibu na ndagala, samaki wadogo ninaowaanika, nikamfundisha kuchambua vijiwe na makombe kwa kugusa tu, maana macho yake niliyataka kwa kunguru. Vidole vile nilivinoa mimi. Wewe ukaja kuvipa kazi.

Alipokuwa na miaka minne alichonga watu wa mgomba, akawapanga mstari, akawapapasa mmoja mmoja. Wawili akawapeleka nyuma ya jiko. Nikamuuliza wako wapi wale. "Iko kambini," akasema, akaendelea kuwapikia uji waliobaki. Hakurudi kuwachukua, wakaozea hukohuko na mvua. Wewe ulicheka, ukasema amekurithi. Na mimi nilicheka, ila kidogo.

Sasa nikuambie yaliyotokea ulipoondoka.

Siku ya tatu ya matanga Zuhura alikuja kukaa mapajani pangu, akanieleza jambo. Kwamba wakati wa mvua alikupapasa kwa mchezo, akakuta kitu. "Baba, iko kunde hapa." Nawe ukamshika mkono ukamwambia: "Nyamaza, mwanangu. Hiyo si kitu. Kama unamupenda baba, usiambie mutu." Akanyamaza. Miezi yote ile niliyokuwa nikikulaumu kwamba umekuwa mvivu, kwamba unasinzia na tonge mkononi, mtoto wa miaka sita alikuwa anajua. Alikuwa anakupenda kwa kunyamaza, kwa nguvu zake zote. Aliponieleza hakulia. Aliniuliza tu kama sasa anaruhusiwa kusema, kwa kuwa umeshazikwa.

Baba Zuhura, ni wewe uliyeniambia kwamba wanaokwenda kambini mapema wengine hurudi, na wanaochelewa ndio wasiorudi. Ukachelewa kwa makusudi. Najua uliogopa. Uliwaona waliotoka kwenye sindano za kambini wakishikwa mkono, macho hayaoni tena. Najua pia uliona aibu kusimama kwenye mstari ambao jana yake uliupanga wewe mwenyewe. Woga ningekusamehe. Lakini kile kilichokuwa kinakuua ulimpa mtoto akufichie, na hilo sijakusamehe bado.

Sijui habari ile ya kunde ilivujaje. Nikiwa bado edani wanawake wakaanza kuja mchana kunipa pole, huyu na mawese, yule na ndagala. Wanakaa, wanazungumza habari za vichaka vinavyofyekwa pwani ili mbung'o waondoke, kisha wanamwita Zuhura awakune mgongo. Kumbe wanataka vidole vyake, wajijue kabla hajapita mtu mpya wa daktari. Ilinipasa kuwafukuza. Sikuwafukuza. Mawese yao ndiyo tuliyokuwa tunakula.

Zuhura asipokuta kitu husema "safi" kwa sauti yako, ile ya puani. Akikuta, hasemi neno. Anashusha mkono, anaenda kuchora kwenye majivu. Mama Kiza, yule jirani wa ng'ambo ya kijito aliyenisaidia kumzaa, alikuja na chungu kizima cha mawese. Mtoto akanyamaza. Mama Kiza akajifunga nguo yake polepole, akashukuru, "Murakoze, Mama Zuhura. Mutoto wako iko na adabu." Asubuhi yake mlango wake ulikuwa umeegemezwa tu na mtumbwi haupo. Wamevukia upande wa Kongo, yeye na mumewe na watoto wote. Baada yao zikafuata nyumba mbili nyingine. Siku hizi kwenye njia yetu naona moshi wa majiko matatu. Watoto waliobaki wakimwona Zuhura wanafunika shingo kwa mikono na kukimbia, naye amekwisha kuacha kuwafuata. Anakaa kizingitini anasugua vidole kwa mchanga.

Kunipapasa mimi jioni hakuacha. Tuliendelea hivyo hata ulipokuwa umeondoka, kwa sababu bila hivyo hali chakula. "Safi, mama," anasema, tunanawa.

Siku nne zilizopita aliweka mkono upande wa kushoto, chini kidogo ya sikio. Mkono ukakaa. Nikangoja neno lake, nikasikia jiko tu linavyolia. Akaushusha, akaenda kwenye majivu.

Nikamuuliza, "Vipi, mwanangu?" Hakunitazama. "Nyamaza, mama," akasema. "Hiyo si kitu."

Tangu siku hiyo hanipapasi tena. Ananiletea maji bila kutumwa. Kipande kikubwa cha samaki anakisukuma upande wangu wa sinia. Jana mchana nilisinzia kidogo kando ya ndagala, na nilipofumbua macho nilimkuta ameketi mbele yangu, ananiangalia. Niliijua sura ile. Ndiyo aliyokuwa nayo kwenye mkeka wako miezi yako ya mwisho, nami nikidhani ni usingizi wa mtoto.

Leo asubuhi ndugu yako amepita. Anasema mtumbwi upo, mtu wa daktari anakuja keshokutwa, tuvuke sote kwa pamoja. Ulimi ulikuwa tayari kutamka ndiyo. Naogopa ile sindano, Baba Zuhura, naiogopa kuliko ziwa likichafuka. Nataka macho yangu. Nataka kumwona Zuhura akiota meno yale mawili ya mbele. Kisha nikamtazama, anafunga mkeka wetu kwa kamba kabla sijamjibu baba yake mdogo, haraka haraka, midomo ameibana. Nikaona jinsi tutakavyovuka: yeye ameishika siri yangu mdomoni, na huko ng'ambo atakaa aniangalie nikisinzia, siku kwa siku, kama alivyokuangalia wewe. Mara ya pili. Nikamwambia ndugu yako hapana.

Kwa hiyo nisikilize, hili ndilo ninalokuahidi. Nikimaliza kukuandikia nitamwita. Nitauchukua mkono wake, niuweke mwenyewe pale shingoni, na nitasema mimi kwanza: iko. Kisha nitamwambia aseme na yeye, kwa sauti, mpaka majirani waliobaki wasikie. Akilia, alie. Nitamwambia kwamba baba yake alikosea, kwamba hakuna aliyekufa kwa vidole vyake, na kwamba anayempenda mtu humwambia. Kesho nitampeleka kwa dada yangu Magara, halafu nitakwenda kambini kwa miguu yangu, mapema, ulivyokuwa ukiwaambia wengine. Nikirudi sioni, atanipapasa uso, nitamjua kwa vidole vyake. Nisiporudi, atakuwa amejua tangu mwanzo, na atakuwa amejua pamoja nami.

Nakuaga, Baba Zuhura. Hasira bado ninayo, na shingo yangu bado inaukumbuka mkono wako kila jioni, yote mawili. Karatasi hii nitaichimbia miguuni pako. Pumzika. Mzigo uliomtwika mtoto nakwenda kumtua sasa hivi. Namsikia yuko nje, anasugua vidole.

Mimi mkeo,
Mama Zuhura