Mulango ya ile mashua

Kyakimwa, uko? Niko nalia huku mu jikoni.

Nilionyesha Papa maquette, kale kamufano ka mbao ka ile mashua ya kufunikwa, ya kuokoa batu ku ziwa. Miaka mbili nachora, tangu kaka yetu Kambere alizama ku ziwa, kule Kyavinyonge.

Nikamuelezea: paa inafunika batu bote, mulango inafungiwa ku ndani, maji hapana ingia hata kidogo. Nilikuwa najivuna, weye!

Papa akaigeuza mu mikono. Kisha akagonga ku kale kamulango na kidole.

«Kokoko.»

Nikacheka. Mungu wangu, nilicheka!

«Mutoto yangu, mwenye iko inje mu maji, anafungulia wapi?»

Kyakimwa, poignée ya kufungulia mulango niliweka ndani tu. Ndani tu!

Na Kambere alijua kuogelea. Angefika. Angegonga.