Tope la Injini Uliloniachia

Baba Zuhura,

Mwanao sasa hivi kachovya mkono kwenye beseni la oili chafu, kajipaka mashavuni kama mtu anayejipaka liwa. Nimecheka. Halafu nikamfuta kwa shati lako, na hasira ikanipanda upya.

Kwa sababu ni wewe. Gereji nzima pale Chumbageni ulikuwa ukiwafokea watu wasiobadilisha oili. Kirikuu yetu, kile kigari chetu cha mizigo, nikikuuliza lini utaibadilishia, "Ijumaa, mke wangu." Kifua kikakubana, nikasema twende hospitali, ukasema Ijumaa. Ijumaa ikafika, tukakusalia.

Nikakaa eda. Mdogo wako Athumani akawa anaitumia kubebea nazi za Pongwe kila siku, nami chumbani naisikia injini inagonga. Nikamtuma mama yako amwambie aiache. Akajibu, "Shemeji naye fundi siku hizi?"

Nilipotoka eda nikafungua kifuniko cha oili. Tope jeusi, zito, kama halua iliyoungulia sufuriani. Athumani akaja na dumu la dizeli: "Mimina humo, washa, piga resi, uchafu wote unatoka." Nikamnyang'anya. Miaka mitatu nimekuletea chai gereji, masikio sikuyaacha nyumbani. Ulisema tope likibanduka kwa pupa linaziba chujio, oili haipandi, injini inakufa. Na hii ikifa, Zuhura atakula nini?

Basi nimefanya kama ulivyozifanyia za watu. Nimeiacha ipoe. Nimeiweka juu ya stendi, si jeki peke yake. Nimevaa ovaroli lako nikaingia chini, nikafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikakwangua kwa kipande cha ubao, chujio la humo ndani nikaliosha kwa mafuta ya taa huku uani, mbali na jiko. Oili mpya, filta mpya. Nitatembea nayo taratibu siku chache, kisha namwaga tena. Kule chini nililia. Nilikutukana pia, unisamehe. Athumani alinishikia tochi.

Pumzika, mume wangu. Mimi sitasema Ijumaa, si kwa gari, si kwa kikohozi cha mwanao. Sasa naenda kuiwasha. Ile taa nyekundu ya oili isipozimika, nazima injini hapo hapo, nafungua upya, hata mara kumi. Ikizimika, nampakia Zuhura mbele, tupite pale makaburini usikie inavyounguruma, maana nataka ujue kwamba mimi

Athumani ananiita. Anasema, "Shemeji, njoo uwashe mwenyewe," na ufunguo kaunyoosha kwangu. Naenda.