Mjomba, Kadi Haikuharibika

Mjomba Marwa,

Kadi ya kamera haikuharibika. Watu wote nimewaambia iliharibika, na Mama nimemwambia hivyo hivyo huku nikitazama miguu yake. Lakini kadi ni nzima. Ninayo hapa studioni kwako, ndani ya kile kibati cha peremende ulichokuwa unawekea betri. Hakuna anayejua. Nimekuambia wewe kwa sababu wewe ndiye pekee usiyeweza kunigombeza.

Shikamoo. Nimesahau kusalimia kwanza. Ungekuwepo ungesema, "Ghati, hata polisi huanza na salamu."

Nitakueleza ilivyokuwa siku ya kukuzika, maana wewe ulikuwa katikati ya yote na hukuona kitu.

Boma la Babu pale Gorong'a lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye mihogo. Yalikuwepo mahema, spika, na akina mama waliovaa sare. Niliwapiga picha wakishuka kwenye magari na pikipiki, na kila niliyemtazama kupitia lenzi nilimuuliza kimoyomoyo: ulikuwa wapi? Kwa sababu ulipokuwa unaumwa, mvua yote ile ya masika, tulikuwa sisi tu. Wewe, mimi, na Mama. Kiti cha mgeni tulikiweka kando ya kitanda chako, hakuna aliyekikalia, mpaka kuku mweupe akataga juu yake. Ulicheka ukakohoa. Ukasema, "Mwacheni huyo. Ndiye mgeni pekee aliyekuja na kitu mkononi." Mama akacheka mpaka akatoka nje, na kule nje hakuwa anacheka tena.

Kiti kile kile, siku ya msiba, alikikalia kaka yako, Mjomba Chacha.

Alifika kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari na jeneza linalong'aa na suti nyeusi. Miezi yote ile alikuwa akipiga simu na kusema barabara ni mbaya. Siku hiyo barabara ilikuwa nzuri. Akaniita kwa kidole: "Wewe msichana, ndiwe wa kamera, sindio? Hakikisha nimetokea. Hiyo picha lazima itoke poa." Nikasema ndiyo. Unanijua, mimi husema ndiyo. Lakini hasira yangu haipiti mdomoni, inapitia mikononi. Mkono ukaingia kwenye begi lako ukatoka na kile kioo cheusi.

Mjomba, unakumbuka siku ulipokileta? Mgeni uliyembebea mizigo kule mtoni alikuachia kwa sababu kilikuwa na mkwaruzo pembeni. Nilidhani ni kifuniko cha lenzi. Ukaniambia hapana, ni miwani ya jua ya kamera. Ukikifunga mbele ya lenzi mwanga unapungua sana, hata mchana wa jua kali kamera inalazimika kufumbua jicho dakika nzima ndipo ipate picha. Na mtu anayepita mbele ya jicho lililofumbuliwa muda mrefu namna hiyo haachi alama.

Tulianza na mto. Mto Mara, ambao kila mtoto wa huku ameonywa autazame kwa mbali, ulitoka umelala mweupe kama maziwa yaliyomwagika juu ya mawe. Niliuogopa zaidi ukiwa hivyo. Halafu ukanipeleka kwenye mnada hapa Machochwe. Ukasimamisha stendi juu ya kichuguu, ukafyatua, ukawasha sigara. Watu tele, ng'ombe tele, vumbi na matusi. Picha ilipotoka, mnada ulikuwa mtupu. Vibanda vilibaki, nguzo zilibaki, na dume moja lililofungwa kamba, na yule bibi wa ugoro aliyekuwa amesinzia juu ya gunia lake. Madalali wakakuzingira.

"Mura, kijana wee, umetuuza sote?"

"Mimi niko wapi hapa?"

Ukamjibu, "Wewe umezunguka kutwa kutafuta ng'ombe kwa bei ya mbuzi, kamera ingekukamata wapi? Tazama bibi alivyopendeza." Bibi akaamka, akadai soda yake ya kupigwa picha, na ukamnunulia.

Njiani tukirudi ukaniambia maneno ambayo leo nina ugomvi nayo. Ulisema, "Ghati, kioo hiki hakina upendeleo. Kinafuta wapita njia, kinabakiza waliokaa." Nikayapokea kama neno la madhabahuni. Nikayaweka moyoni.

Kwa hiyo siku ile nilijua ninachofanya. Sitajitetea. Nilitaka kuwafuta. Nilitaka picha moja ya mazishi yako ambayo ndani yake hakuna mtu isipokuwa wewe na Mama, kwa sababu Mama ndiye aliyekaa.

Nilisimamisha stendi mbele ya jeneza, chini ya hema. Nililenga kwanza, nikaupata uso wako sawasawa, ndipo nikakifunga kioo, kama ulivyonifundisha: tazama kwanza, funika baadaye, maana ukishafunika huoni kitu. Nikabandika plasta nyeusi kwenye kitundu cha kuchungulia ili mwanga usiingie kwa nyuma. Yule mwenye kipaza sauti akatangaza watu wapite kukuaga. Nikafyatua. Kwenye kivuli cha hema jicho lilihitaji dakika kadhaa. Nikainamisha kichwa, nikaitazama saa yangu, kwa sababu nyuso za watu zinanishinda hata siku za furaha.

Nilisikia viatu tu. Viatu na vilio vya watu ambao hawakukuletea hata chungwa. Na nilifurahi, Mjomba. Naona aibu kuandika, lakini nilifurahi. Kila kiatu kilichopita nilikiambia kimoyomoyo: futika. Futika na wewe.

Jicho likafunga. Kamera ikaanza kufikiri, kama inavyofanya baada ya picha ndefu, muda ule ule iliotumia kutazama. Huwezi kupiga nyingine mpaka imalize. Ilipomaliza, kifuniko kilikuwa kimeshawekwa na mafundi walikuwa wanakaza skrubu.

Niliitazama jioni, nimejifungia kwenye ghala la mahindi.

Viti ni vitupu. Hema ni tupu. Wewe umetoka vizuri. Maisha yako yote hukuwahi kupigwa picha bila kufumba macho, na safari hii hakuna wa kukuambia ufumbue. Kila unywele wa kidevu unaonekana. Na kando yako, safi mpaka vifungo vya koti, amesimama Mjomba Chacha. Mkono wake uko juu ya jeneza. Kidevu kiko juu. Hakutikisika hata kidogo. Aliiona kamera, akakaa mkao wa picha, akasubiri mpaka nilipoinua kichwa.

Hilo hukunifundisha. Mtu anayetaka kuonekana hutulia kuliko watu wote.

Na Mama hayumo.

Alikuja. Mimi nilikuwa naitazama saa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na alinisimulia kwa furaha: alitoka jikoni mbio, mikono ina unga, akaona shuka limekugusa kidevu na anajua ulivyochukia kuguswa kidevu, akalivuta, akakuaga, akarudi mbio kwa sababu ugali wa watu ulikuwa motoni. Akasema, "Bahati nzuri kamera ilikuwa inatazama." Kwenye picha, juu ya shingo yako, kuna kitu cha njano chepesi kama moshi. Ni kanga yake. Mimi tu ndiye ninayejua.

Hicho ndicho kioo chako kisicho na upendeleo, Mjomba. Kwa kioo hicho, Mama ni mpita njia. Aliyekugeuza usiku na mchana, aliyekuosha, aliyekulisha uji kwa kijiko kidogo kama ndege, amefutwa pamoja na wale wote waliosema barabara ni mbaya. Na mimi ni mjinga, kwa sababu niliishi naye nyumba moja miezi yote ile na nilimwona. Lini Mama alikaa? Anayeuguza hakai. Aliyekaa, Mjomba, ni kile kiti.

Nina hasira na wewe. Nilikuwa sijui kama mtu anaweza kumkasirikia marehemu. Maneno yako yalikuwa matamu, ulikuwa na sigara mdomoni, mnada wote ulikuwa unakucheka na kukupenda, na mimi nikadhani mtu anayependwa hivyo hawezi kukosea.

Tangu uondoke, studio naifungua siku za mnada tu. Watu wanaingia, wananitazama, wanauliza mwenyewe yuko wapi. Kumwambia mtu mzima "inua kidevu" bado kunanishinda, kwa hiyo nimepiga pasipoti nyingi za watu wanaotazama sakafu. Majina ya waliochaguliwa kidato cha tano bado hayajatoka. Yule bibi wa ugoro aliniuliza habari zako, nilipomwambia akavua kilemba chake, halafu akaniambia nisikonde.

Kuhusu picha, nimeficha zote, hata zile za asubuhi za watu wakishuka kwenye magari. Ukisema kadi imeharibika, basi imeharibika yote. Na nimepekua simu za ndugu, kwa kisingizio cha kutaka kumbukumbu. Wamejipiga wenyewe, wamelipiga jeneza, wamezipiga sahani za pilau. Mama yumo mara moja. Ni mkono wenye ndoo.

Sasa sikiliza kinachonikosesha usingizi. Mjomba Chacha anataka kuja siku ya kujengea kaburi kwa saruji, baada ya mavuno. Kila wiki anapiga simu. "Lete hiyo kadi huku ng'ambo, kuna mafundi wa kompyuta, wanafufua kila kitu." Anataka ile picha ikuzwe, iwekwe fremu, itundikwe kwenye nyumba ya Babu. Hajui ilivyo. Akiiona atalia kwa furaha, kwa sababu katika picha ile wewe ulizikwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo ni yeye. Itatundikwa ukutani. Wajukuu wataambiwa. Na Mama ndiye atakayewapa wageni chai chini yake.

Nimeshaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, zaidi ya mara moja. Siwezi. Ni uso wako. Hakuna mwingine baada ya huo.

Na Mama naye anaitaka. Mama, ambaye sijawahi kumsikia akiomba kitu chake mwenyewe. Hana picha hata moja yenu wawili tangu mkiwa watu wazima: wewe ulikuwa nyuma ya kamera siku zote, yeye nyuma ya moshi. Mwanzoni aliuliza kama mzaha, anapepeta ulezi: "Ghati, ile kadi haifufuki?" Juzi hakufanya mzaha. Alisimama mlangoni akiwa na jembe na akasema, "Hata kama nimetoka vibaya. Hata nusu. Nilitokea?"

Nilisema nasikia maji yanachemka, nikaenda nje. Hapakuwa na maji motoni.

Mjomba, sasa naaga, maana wateja wanaanza kuja na nimeshawasikia wakibishana nje. Nakuahidi hivi. Siku ya kujengea kaburi nitakuja na kamera yako bila kioo. Sitaanzia kaburini, nitaanzia jikoni. Nitampiga Mama anavyokwenda, kwa kasi ya kufumba na kufumbua, maji yakiruka kutoka kwenye ndoo yake nayo yasimame hewani. Nitampiga akipinda juu ya kaburi kung'oa jani, kwa sababu najua atang'oa jani. Mjomba Chacha nitampiga pia. Yeye atatokea tu, hata nisipotaka. Na nikishapata ya Mama, nikiwa nimeishika mkononi, ndipo nitamwonyesha na hii ya jeneza, na ule moshi wa njano, na nitamwambia nilichofanya. Kwa mdomo wangu. Kioo nimekifunga kwenye kitambaa. Sitakivunja. Kitafaa kwa kuupiga picha Mto Mara.

Lala sasa. Shuka halikugusi kidevu, alilivuta.

Na siri hii nitunzie. Wewe tu ndiye unayeijua. Kama itatokea Mama akatangulia kuja huko kabla sijapata ujasiri, na akakuuliza kama alitokea kwenye picha, nakuomba, Mjomba, usimjibu. Mwambie Ghati anakuja nayo.

Mpwa wako,
Ghati